R Iliyokuja kwa Jahazi

Kila uchaguzi unapokaribia Afrika Mashariki, utani mmoja wa zamani huamka nao. Mgombea anaomba kula badala ya kura, mpambe wake anawahimiza wananchi wajitokeze mapema kupiga kula, na wasikilizaji wanavunjika mbavu. Wako wachekeshaji waliojijengea jina kwa utani wa namna hiyo, na mitaani hakosekani wa kukutajia kabila lisilokuwa na r na kabila lisilokuwa na l. Nyuma ya kicheko ipo hukumu: msemaji hakusoma, au ulimi wake mzito, au ametoka shamba juzi. Hukumu hiyo, kwa ushahidi uliomo ndani ya Kiswahili chenyewe, imeisimamisha historia kichwa chini miguu juu. Kuzitenga l na r kama sauti mbili zenye kazi mbili ndiyo tabia changa katika ukoo wa lugha hii. Kuzichukua kama sauti moja yenye sura mbili ndiyo tabia ya wazee. Tabia hiyo changa ilipata nguvu kwa maneno ya ng'ambo, yaliyoshuka kwa jahazi, ikakaa pwani muda mrefu kabla ya kupandishwa bara na kufanywa kipimo cha kuelimika.

Tuanze na kinywa, kwa sababu kinywa kinaeleza nusu ya habari. Vitabu vyetu vya fonolojia huiita l kitambaza na r kimadende. Zote mbili hutengenezwa mahali pamoja, ncha ya ulimi ikiinuka kwenye ufizi wa meno ya juu. Katika l, ncha inatulia pale na hewa inatambaa kupitia ubavuni mwa ulimi. Katika r, ncha haitulii: hewa inaisukuma, inaiachia, inarudi tena, na huko kutetema ndiko kunakoitwa madende. Katika maongezi ya kawaida Mswahili hapigi madende marefu. Ulimi hugusa ufizi mara moja tu ukaondoka. Sasa pigo hilo moja lifanyike huku ubavu wa ulimi umelegea kidogo, na kinachotoka si l timamu wala si r timamu. Lugha nyingi za Kibantu zina sauti ya namna hiyo, na masikio mawili huweza kuisikia kwa njia mbili. Anayetarajia r atasikia l, anayetarajia l atasikia r, ilhali msemaji ametoa sauti ileile. Ndiyo maana mtu mmoja hushtakiwa kwa makosa mawili yanayopingana, kwamba anasema balua na papo hapo anasema kurara. Wenye kushtaki hawajiulizi inakuwaje ulimi unaoshindwa r katika barua uiweze mara mbili mfululizo katika kulala.

Wataalamu waliojaribu kuunda upya lugha mama ya Kibantu walikutana na jambo hili mapema. Mjerumani Carl Meinhof, katika kitabu chake cha mwaka 1899 juu ya sauti za lugha za Kibantu, aliiandika sauti hiyo ya kale kwa l. Mwingereza Malcolm Guthrie, katika juzuu nne alizotoa kati ya 1967 na 1971, aliona afadhali aiandike kwa d. Walitofautiana juu ya herufi, lakini hawakulazimika kuweka l na r bega kwa bega kama sauti mbili za kale, kwa kuwa lugha zilizozaliwa na mama huyo hazikuwadai hivyo. Linganisha tu maneno ya majirani. Mchewa husema mvula, Mshona husema mvura, na sisi twasema mvua. Neno ni lilelile. Sauti ya katikati imevaa l kwa Mchewa, imevaa r kwa Mshona, na kwetu imevuliwa kabisa. Mguu wetu ni okugulu kwa Muganda na ukuguru kwa Mnyarwanda. Nguruwe kwa Mchewa ni nguluwe, kwa Mshona ni nguruve. Ukitandaza mamia ya maneno ya aina hii mbele yako utaona mpangilio: lugha moja imechagua l karibu kila mahali, nyingine imechagua r karibu kila mahali, na chache zimezigawia kazi kwa kuangalia jirani. Kiganda ni mfano mzuri wa hizo chache. Humo l hugeuka r inapotanguliwa na e au i, na kwingineko hubaki l, kanuni ambayo mkutano wa tahajia wa mwaka 1947 uliiingiza hata katika maandishi. Neno lao la moto, omuliro, lina l baada ya u na r baada ya i, na hakuna Muganda anayehisi kwamba ametumia sauti mbili. Kwake ni sauti moja iliyobadilisha kanzu.

Kiswahili kilitoka katika nyumba hiyohiyo, na alama za nyumba hiyo bado ziko mwilini mwake. L ya kale iliyokuwa katikati ya vokali ilianguka pale ilipofuatwa na a, o au u. Kwa hiyo tunasema kuzaa, kuvaa, kukaa, kufungua, kuondoa, njaa, na mvua tuliyokwisha kuiona. Ilipofuatwa na i au e haikuanguka, nayo ndiyo siri ya jambo ambalo kila mwanafunzi hulitenda bila kulifikiri. Kuzaa kukitendewa mtu huwa kuzalia, kuvaa huwa kuvalia, kufungua huwa kufungulia, kuondoa huwa kuondolea, kujua huzaa kujulikana na kujulisha. Hiyo l haikuongezwa kutoka hewani ili kurahisisha matamshi, kama inavyosemwa darasani. Ilikuwepo tangu mwanzo. Kilichotokea ni kwamba i na e ziliihifadhi na wenzao a, o na u wakaiacha ipotee. Muganda husema okuzaala na Mchewa njala, na hapo utaona kwamba mnyambuliko wetu umetunza kumbukumbu ambayo neno la msingi limeisahau.

Hapa pingamizi la kwanza linabisha hodi. Kama r ni mgeni, nguruwe yetu ilitoka wapi? Na -refu, na ngurumo, na kuruka, ambayo hakuna anayedai ni Kiarabu? Swali ni la haki. Jibu liko katika ngeli ya nyumba na nguo, ile inayopenda kutanguliza n. L ikitanguliwa na n hiyo hugeuka d: ulimi mmoja, ndimi mbili. Tazama sasa -refu. Mti mrefu, kisu kirefu, lakini nyumba ndefu. R hii nayo imegeuka d, sawasawa na l ya ulimi, kwa sababu ni ndugu wa tumbo moja; ni l ya kale iliyovaa r. Halafu chukua kivumishi kilichotoka Uarabuni, rahisi. Je, kuna mtu aliyewahi kusema kazi ndahisi? Rangi, ramani, risasi na ruhusa zote zimo katika ngeli hiyohiyo, na hakuna hata moja iliyoguswa na n. Basi Kiswahili kina r mbili ndani ya herufi moja. Ya kwanza ni mzalia, bado inakumbuka kwamba ilikuwa l na inafuata sheria za nyumbani. Ya pili ilifika baada ya sheria hizo kuacha kufanya kazi, ikaingia na kukaa kama ilivyo.

Hiyo ya pili ndiyo iliyojaa. Toa katika Kiswahili maneno yaliyotoka Kiarabu, Kiajemi, Kihindi na Kireno na uone r inavyokonda: huna habari, huna safari, bandari, barua, karatasi, hatari, rafiki, fikra, dirisha, gari, bendera. Hata wakati wa kuingia kwake unaweza kukadiriwa kwa mpangilio, ingawa si kwa tarehe. Mvula ya kale ilipoteza l yake, lakini kalamu haikuwa kaamu, alama haikuwa aama, salamu haikuwa saamu, japo l zote hizo ziko mbele ya a, mahali palepale palipoiua l ya njala. Maana yake ni kwamba maneno hayo yalifika wakati dhoruba ya kuangusha l imekwisha kupita. Yalikuta lugha iliyopoteza sehemu ya l zake za zamani, yakaijaza upya kwa l za kigeni, na pamoja nazo yakaleta r za kigeni ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na l hizo. Kwa Mwarabu, lamu na ra ni sauti mbili kama vile b na k zilivyo mbili. Akisema qalam na karāma hakusudii mchezo.

Matokeo yake yamo katika orodha ambayo walimu hupenda kuitumia kuwatisha wanafunzi. Kalamu na karamu. Mahali na mahari. Hali na hari. Fahali na fahari. Ni jozi maarufu, na kila moja inathibitisha kwamba mtu akichanganya l na r ataharibu maana. Lakini zikague asili zake. Kalamu na karamu, zote Kiarabu. Mahali na mahari, zote Kiarabu. Hali na hari, fahali na fahari, vivyo hivyo. Katika kula na kura, kula ni yetu tangu Kibantu cha kale, na kura imetoka Uarabuni. Jozi ambayo pande zote mbili ni za Kibantu ni adimu kama jino la kuku; mbali na mbari, ile mbari yenye maana ya ukoo, ni mojawapo, na mtu anaweza kuishi Dar es Salaam miaka arobaini asiisikie hiyo mbari. Sikatai kwamba mbegu ya kutenganisha ilikuwepo nyumbani. R ya nguruwe na l ya ulimi zilikwisha kuanza kuachana kabla ya wageni, na hiyo mbari ni shahidi. Lakini mbegu ilikuwa haina kazi kubwa ya kufanya. Kazi ilikuja na shehena.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linagusa heshima. Yupo atakayenusa hapa ile hoja chakavu kwamba Kiswahili ni zao la Waarabu. Sivyo. Kukopa utengano wa sauti si kukopa lugha. Wazulu na Waxhosa walichukua sauti za kualika kutoka kwa majirani zao wa Kikhoisani, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema Kizulu si Kibantu. Sarufi ya Kiswahili, ngeli zake, minyambuliko yake, hesabu yake ya moja hadi tano, vyote ni vya nyumbani. Kilichotoka baharini ni sababu ya kuzingatia tofauti ambayo majirani zetu hawakuwa na sababu ya kuizingatia. Na pwani ilikuwa na chombo cha kuishikilia tofauti hiyo: chuo cha Kurani. Mtoto wa Lamu, Mombasa, Unguja au Kilwa aliyekalishwa mkekani alifundishwa kutoa kila herufi mahali pake, na elimu ya tajwidi ina kanuni nzima kuhusu ra, lini iwe nzito na lini iwe nyepesi. Maandishi nayo yalisaidia. Hati za Kiarabu zilizotumika kuandikia tenzi, ambazo miswada yake yenye tarehe inaanzia karne ya 18, zilikuwa na shida na p, ch na e, lakini kwa l na r zilikuwa na herufi mbili zisizofanana hata kidogo. Sikio, mkeka na kalamu vilivuta upande mmoja.

Hata hivyo pwani yenyewe haikuwa safi kama inavyojisifu, na hapa kuna jambo ambalo huwa linanifurahisha. Neno ambalo lingepaswa kuwa mfano wa ufasaha wa kiofisi, serikali, limetokana na sarkār ya Kiajemi. R ya kwanza imesalia, ya pili imegeuka l. Dalasini tunayotia kwenye pilau ni dār ṣīnī, mti wa Uchina. R imegeuka l, na hakuna mpishi aliyeona aibu. Waliofanya mabadiliko hayo walikuwa Waswahili wa pwani, si watu wa bara. Walilishika neno geni kwa mkono wa zamani, likatoka na sura ya nyumbani, na baada ya vizazi kadhaa kosa likawa sanifu. Tofauti kati ya anayesema serikali na anayesema balua ni kwamba wa kwanza alitangulia.

Karne ya 19 ilipovuta misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, na kutoka huko hadi Buganda na Manyema, maneno ya pwani yalipanda bara juu ya vichwa vya wapagazi, na kila lugha iliyoyapokea iliyapitisha kwenye ungo wake. Waganda waliyapokea kwa kanuni yao ileile ya vokali inayotangulia. Barua ikawa ebbaluwa, kwa sababu a haitaki r baada yake. Sukari ikawa ssukaali, sufuria ikawa sefuliya, baraza ikawa olubalaza. Lakini bendera ilibaki bendera, na si kwamba Muganda aliisikia vizuri zaidi. Hapo r ilitanguliwa na e, na e inaikubali. Kanuni moja imetoa majibu mawili, na mgeni asiyeijua atadhani anasikia fujo. Kwa Wakikuyu, ambao lugha yao ilichagua r, safari ilikwenda upande mwingine: kalamu ikawa karamu, ambayo Mswahili akiisikia anaanza kutafuta sahani. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma, wenye l, sukari ilikuwa lazima iwe na l. Upande wa Kongo, Kilingala nacho kikasema sukali. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyekosea kwa bahati. Kila mmoja alifanya, kwa utaratibu unaotabirika, kile ambacho pwani ilikifanya kwa dār ṣīnī.

Kilichogeuza tofauti hii kuwa kosa ni ofisi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusanifisha tahajia na kukagua vitabu. Kuanzia hapo l na r hazikuwa tena suala la mtu wa pwani na mtu wa bara kusikilizana sokoni; zikawa suala la alama za mtihani. Wengi wa wanafunzi waliokutana na vitabu hivyo nyumbani kwao palikuwa na sauti moja tu. Waliambiwa waandike kitu ambacho masikio yao hayakuwahi kukitenga, kisha wakapewa sifuri, kisha wakachekwa. Kamusi zenyewe hazina ukali huo: lamba na ramba zimekaa humo kwa amani, na kila mtu anachagua yake.

Mtu anaweza kusema kwamba mambo haya ni ya lugha zisizokuwa na maandishi ya muda mrefu, na kwamba lugha kubwa hazichezi na r zao namna hiyo. Basi na tuitazame lugha iliyotuletea mitihani. Mwaka 1791 John Walker, mtaalamu wa matamshi aliyefanya kazi London, alichapisha kamusi ambamo alieleza kwamba r ya London katika maneno kama card imefifia hadi kubaki karibu urefu wa a tu. R haikugeuka kitu kingine. Ilizimika, na kilichosalia ni vokali iliyovutwa. Waingereza walipofika kwetu karne moja baadaye na kuanza kutuachia maneno, kifo hicho kilikuwa kimekwisha kuwa kawaida ya wakubwa, na Kiswahili, kinachoandika kinachosikika, kikakirekodi kwa uaminifu. Card ikawa kadi. Shirt ikawa shati, torch ikawa tochi, nurse ikawa nesi, form ikawa fomu, beer ikawa bia, March ikawa Machi. Neno ripoti ni kama picha ya pasipoti ya r ya Kiingereza: r ya mwanzo, iliyo mbele ya vokali, imebaki, ile ya pili, iliyo baada ya vokali, haipo. Dereva naye amehifadhi ya kwanza na kuipoteza ya mwisho. Weka kando yake bandari, hatari na msumari, ambamo r ya mwisho ya Kiajemi na Kiarabu ilisikika wazi kiasi kwamba tuliiongezea i ili ipate pa kuketi. Mwenye kutaka kujua Waingereza wa enzi ya ukoloni walikuwa wakitamkaje anaweza kuanza na kamusi yetu.

Na hukumu ya jamii juu ya hiyo r iliyozimika ilikuwaje? Hapo ndipo ukweli wa mambo unapojitokeza. London kuizima kulikuwa ustaarabu, na waliobaki nayo walionekana watu wa mashamba. New York ilifuata London kwa muda mrefu, kisha upepo ukageuka baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1962 mwanaisimu William Labov alizunguka katika maduka matatu makubwa ya mji huo, la matajiri, la watu wa kati na la wenye kipato kidogo, akiwauliza wafanyakazi mahali pa kupata bidhaa ambayo alijua iko ghorofa ya nne, ili tu awasikie wakisema fourth floor. Katika duka la matajiri r ilisikika zaidi. Katika duka la bei rahisi ilisikika kidogo kuliko kote. Sauti ileile, lugha ileile, bahari moja kati yao: ng'ambo hii ni aibu kuwa nayo, ng'ambo ile ni aibu kuikosa. Ukishaona hivyo huwezi tena kuamini kwamba aibu imo ndani ya sauti.

Limebaki pingamizi ambalo wengi hulitoa kwa hasira: kwamba haya ni masuala ya makabila na karne, lakini mtu mmoja mmoja ana ulimi wake, na akitaka kuusahihisha atausahihisha, asiyetaka ni mvivu. Kuna chembe ya kweli humo, lakini shida haianzi kwenye ulimi. Huanza sikioni, na mapema mno. Patricia Kuhl na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, waliwapima watoto wachanga wa Seattle na wa Tokyo kwa sauti za r na l za Kiingereza. Wakiwa na umri wa miezi 6 hadi 8, watoto wa miji yote miwili walizitenga kwa kiwango kimoja. Walipofika miezi 10 hadi 12, wale wa Seattle walikuwa wameendelea mbele na wale wa Tokyo, ambao lugha yao ina sauti moja tu mahali hapo, walikuwa wameshuka. Hawajasema neno la maana bado, na tayari sikio limeamua kipi ni kelele na kipi ni habari. Mtoto aliyelelewa katika lugha yenye l peke yake hupokea Kiswahili cha shule akiwa na miaka sita au saba. Kumwita mvivu ni kumdai alipe deni alilotiwa kabla ya kuota meno yote. Na akijitahidi sana huvuka mpaka: akiogopa l yake ataitia r hata pasipostahili, ndipo kurara nyingine zinapozaliwa, zile zinazotokana na bidii.

Hata hivyo si kweli kwamba mtu mzima amefungwa. R ya Kifaransa inatupa mfano mzuri. Mwaka 1670, katika mchezo wa Molière juu ya tajiri anayetaka kuwa bwana mkubwa, mwalimu anamfundisha mwanafunzi wake kutamka r kwa ncha ya ulimi inayotetemeka juu ya kaakaa, kama yetu. Baadaye Paris iliihamishia nyuma, kwenye kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Montréal, ng'ambo ya Atlantiki, ilibaki na r ya ncha hadi katikati ya karne ya 20, kisha vijana wakaanza kuiacha. Gillian Sankoff na Hélène Blondeau, katika makala yao ya mwaka 2007, walizifuatilia sauti za watu wa mji huo waliorekodiwa mwaka 1971 na kurekodiwa tena mwaka 1984. Wengi walikuwa wamebaki na r yao ya awali. Lakini walikuwepo waliohamisha r yao kutoka mbele ya kinywa hadi nyuma wakiwa watu wazima, wakati mji mzima unahama pamoja nao. Hawakukalishwa darasani wala kupigiwa kelele. Kilichowazunguka kilikuwa mazungumzo mengi na watu waliokwisha kuhama. Tofauti ya hali hiyo na ya mwanafunzi wetu ni kubwa. Yule wa Montréal alikuwa akibadilisha namna ya kutoa sauti anayoijua; huyu wetu anatakiwa aikate sauti moja vipande viwili na akumbuke, kwa kila neno, kipande kipi kinaingia wapi.

Je, basi tuache kura ziwe kula? La hasha. Kwamba utengano ni mchanga haina maana kwamba hauna kazi. Kura ina kazi, mahari ina kazi, na mhariri anayeruhusu fahari wa ng'ombe apite anastahili kuulizwa. Lugha huishi leo, na leo Kiswahili kina l na r. Ninachokataa ni kupima akili ya mtu kwa sauti hii, na kumfundisha kana kwamba anatibiwa ugonjwa. Aliye na kithembe tangu utotoni ana shida ya kiungo. Asemaye balua hana shida ya kiungo chochote. Mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi wake wa Kiganda anafuata kanuni ya vokali inayotangulia atajua pia pa kuanzia: si na maneno yenye r kwa jumla, ni na yale ambamo r inatanguliwa na a, o au u, kwa sababu mengine mtoto tayari anayo.

Jambo hili sasa lina uzito mpya. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kiingie katika shule za nchi hiyo. Kwa hiyo neno lililotoka pwani na misafara, likapandishwa hadi ziwani, likavuliwa r yake na kuvishwa l likawa ebbaluwa, linarudi mbele ya mtoto wa Kampala likiwa barua, na mtoto ataambiwa kwamba l anayoijua kutoka nyumbani ni makosa. Katika ukurasa uleule atakutana na bendera, ataisoma bila kujikwaa, na mwalimu asiyejua Kiganda atashangaa kwa nini r hii ameiweza na ile imemshinda.